Ukurasa Nilioruka

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali karibu na kijiji cha Giakanja, mwanangu, nilipokuwa mwalimu mpya. Suti nilikuwa nimeazima; kiburi kilikuwa changu mwenyewe.

Nilikuwa nikifundisha tamthilia ya mzee aliyekataa kuwagawia wanawe shamba. Nikaandika ubaoni: dhamira ni uchoyo. Muthoni, msichana mpole wa dawati la nyuma, akainua mkono.

"Mwalimu, huyu mzee si mchoyo. Ako na uoga tu."

"Uoga wa nini? Mwongozo unasema uchoyo!" nikamjibu, nikiiga sauti yake, na darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo hakuinua mkono tena. Wiki ya tatu akaacha kabisa kuja shuleni.

Nikaenda kwao. Nilimkuta babu yake akipalilia viazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hiyo kitabu, mwalimu, wewe umesoma yote?"

Nilikuwa nimesoma mwongozo. Tamthilia yenyewe niliipitia juu juu tu. Niliona aibu, mwanangu, hata leo naiona.

"Mimi pia sijagawa shamba," akasema. "Vijana wangu wananiita mchoyo. Huyu msichana peke yake ndiye aliniuliza kwa nini."

Jioni hiyo nikaisoma tamthilia yote. Katika ukurasa nilioruka, mzee anabaki peke yake, akijiuliza atalala wapi akishagawa kila kitu.

Kesho yake nilirudi kumwomba Muthoni msamaha, naye akakubali kuja. Mbele ya darasa nikausoma ukurasa ule, nikakiri kosa langu, nikaliandika upya neno uchoyo ubaoni, nikaanza kulifuta. Muthoni akainua mkono.

"Usifute, mwalimu. Watoto wake ndio wanamwona hivyo. Andika tu yote mbili."

Mwanangu, najua siku hizi muhtasari uko kwenye simu, na mtihani unakutisha. Utazame ukitaka. Lakini kwanza soma shairi, insha au tamthilia yenyewe mpaka mwisho. Jiulize mhusika anaogopa nini, kisha uonyeshe ni wapi maandishi yanasema hivyo. Na mwenzako akiona usichokiona, usimcheke. Mwulize amekiona ukurasa gani.

Mungu akupe subira ya kufika ukurasa wa mwisho, na asikunyime Muthoni wa kukuinulia mkono.