Sumaku Kwenye Bega la Dada

Dada yangu mkubwa aliolewa Kawangware, mimi nikabaki Makina tulikozaliwa. Alikuwa na kisukari, na alikuwa mbishi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpenda. Chanjo ya korona ilipofika kwenye zahanati za mitaani, aliikataa katakata. Alikuwa ameona video kwenye simu: mwanamke aliyechanjwa anawekewa sumaku begani na sumaku inanata. Ndani ya dawa, eti, kuna chuma cha kutufuatilia. Nilimuuliza ni nani huyo atakayejisumbua kumfuatilia mwanamke anayetoka nyumbani kwenda kukaanga mandazi na kurudi nyumbani. Hakucheka.

Mimi nauza viatu vya mitumba Soko la Toi. Sayansi yangu iliishia kidato cha nne, lakini mwalimu wetu alitufundisha jambo moja ambalo halijanitoka: ukidhani kitu fulani ndicho chanzo, kiondoe, kisha uone. Basi nilipopata dozi yangu ya kwanza nilikwenda kwa dada, nikapandisha mkono wa gauni na kumwambia alete sumaku. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa redio, na kopo lake la vipuri lilikuwa bado limejaa sumaku za spika, nyingine ndogo kama kifungo cha shati.

Akaniwekea moja begani. Ikanata.

Dada hakushangilia ushindi wake. Aliogopa. Binti yake, aliyekuwa mjamzito, alitoka jikoni akashika mdomo. Kusema kweli hata mimi niliogopa. Kisha nikaibandua ile sumaku nikaibandika kwenye bega la dada mwenyewe, ambalo halikuwa limechanjwa chochote. Ikanata vilevile. Sisi tukitoka kuoga tunajipaka mafuta mpaka tunang'aa. Kwetu, kutembea na ngozi iliyopauka ni kuaibisha ukoo mzima. Nikaleta maji na sabuni, nikamwosha dada bega na kulikausha vizuri. Sumaku ikaanguka sakafuni. Nikaosha langu, ikaanguka pia. Halafu nikatia leso katikati: mlango wa chuma uliishika sumaku kupitia leso, mabega yetu hayakuishika.

"Haya, ni mafuta," dada akasema. "Na hiyo ingine, ya kwamba wenye wamedungwa watakufa baada ya miaka miwili?"

Nikamwambia madaktari na manesi walidungwa kabla yetu, na wana watoto wanaowapenda kama sisi. Nikamwambia siri kama hiyo ingehitaji watu wa dunia nzima wafunge midomo, na hapa mtaani mimba ya jirani inajulikana kabla mwenyewe hajaijua. Hapo alitabasamu, akamtazama binti yake. Kisha akaelekeza kidole nje ya mlango.

"Maji tunanunua, na hilo bomba linapita ndani ya mtaro wa choo. Watoto wakiharisha hakuna mtu wa serikali anakuja kubisha hapa. Leo wanatubembeleza tudungwe bure. Wewe huoni hapo kuna kitu?"

Niliona. Ndiyo hasira yangu mpaka leo. Ule uvumi ulipopimwa haukubakiwa na chochote, lakini mtaro ulikuwa pale nje, unanuka. Mafuta ya begani niliweza kuyaosha. Nilichopata kumwambia ni kwamba mtu asiyetujali hana haja ya sindano ya siri ili tufe, anaweza kutuacha tu kama tulivyo. Dada akaokota sumaku na kuirudisha kwenye kopo.

Alikubali nusu. Siku ya dozi yangu ya pili angenisindikiza, aone kwa macho yake, kisha aamue. Tulikwenda zahanati moja upande wa Satellite, karibu na kwake. Akaketi kwenye benchi la nje kati ya wanawake wa mtaa wake, mimi nikaingia ndani. Nilipotoka alikuwa ameshasimama, mkoba begani.

"Wacha sukari ishuke kwanza. Nitarudi," akasema.

Nesi alimwambia kwamba hiyo sukari ndiyo sababu ya kuharakisha. Dada akamshukuru kwa adabu, tukaondoka. Hakurudi. Korona ilimpata kabla sukari haijashuka, akalazwa, na hospitalini hawakuturuhusu kuingia. Alikufa akitafuta pumzi kati ya watu asiowajua. Sijamsamehe yeyote kwa hilo, hata yeye.

Wakati huo masharti ya mazishi yalikuwa yamelegezwa kidogo. Tulipewa mwili, tukamwosha wenyewe msikitini Makina, mimi na wanawake wengine watatu, tumevaa glavu na barakoa. Nilianza na upande wa kulia kama inavyotakiwa. Mikono yake ilikuwa imetobolewa kila mahali na dripu, na juu, karibu na bega, kulikuwa na vidoti na michubuko ya sindano za insulini. Niliosha bega lile polepole. Nilikumbuka sumaku ikianguka, nikalia ndani ya barakoa mpaka ikalowa.

Kwetu, aliyeosha maiti hasemi alichokiona mwilini. Ni amana. Lakini mmoja wetu alisema, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Alisema kwa huruma.

Wanaume walikuwa hawajarudi kutoka makaburini, na habari tayari ilikuwa imezunguka hema lote la matanga: marehemu alidungwa, alama zimeonekana begani. Wanawake wa benchi wakaongezea kwamba walimwona zahanati kwa macho yao. Mpwa wangu, yule binti wa dada, aliniita kando. Mtoto wake, aliyezaliwa miezi michache kabla, alikuwa amelala kifuani pake.

"Auntie, huyu simpeleki kliniki tena. Hata ile chanjo ya ukambi, hapana."

"Mama yako hakuchanjwa," nikamwambia. "Zile alama ni za insulini ya hospitali."

"Siku ile ulikuwa ndani. Yeye alikuwa nje, na manesi wanapitapita. Uliona kila kitu?"

Sikuona kila kitu. Mwalimu wangu wa sayansi angempongeza kwa swali lile.

"Nilitoka nikamkuta na mkoba begani. Aliniambia atarudi. Kwa nini aniambie atarudi kama ameshadungwa?"

"Alikuwa anaogopa kukwambia. Lakini alama zilikuwa kwa bega, auntie. Wenye walimuosha waliziona."

"Mimi ndiye niliyemuosha!" Nilipiga kelele, hema zima likageuka kututazama.

"Basi hata wewe uliziona," akasema, akavuta leso na kumfunika mtoto bega.