Nilipokutana na Mkwe Kwenye Pevingi

Nacheka sasa, lakini nikikumbuka, uso bado unanichoma.

Kwetu hapa Segese mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbuga unamvua mtu viatu. Basi nikaita fundi anitengenezee njia ya pevingi, yale matofali ya saruji, kutoka bafuni nyuma ya nyumba, izunguke kona, ipite mlangoni mpaka barabarani. Akashindilia mchanga, akavuta kamba, akaniuliza, "Bibi, upana kiasi gani?"

"Wa mtu mmoja. Mimi sitembei wawiliwawili kama ng'ombe wa jembe. Ila ifike barabarani, majirani waione."

"Na mkikutana?"

"Wewe gonga matofali, baba."

Akagonga. Nikasahau kwamba nina mkwe.

Sisi Wasukuma, mama mkwe na mkwe hatukaribiani. Mkikutana njiani mnapishana mbali, macho pembeni. Sasa siku hiyo mvua imetoka kukatika, natoka kuoga, kanga moja, ndoo mkononi, naringa juu ya pevingi zangu. Nakunja kona, huyu hapa mume wa binti yangu wa mwisho, katoka Chato na kifurushi cha samaki.

Nikaruka kushoto kumpisha. Naye akaruka kulia kwake. Yaani upande uleule. Tukasimama bega kwa bega kwenye tope, kanga nimeing'ata kwa meno, na njia yenyewe kavu, haina mtu.

Alipojinasua, kiatu kimoja kikabaki. Hakukirudia. Akaweka samaki juu ya pevingi, akaondoka na mguu mtupu mpaka stendi, watu wanamwona.

Jioni binti yangu akapiga simu. "Mama, mwenzangu anasema huko haji tena. Atatuma salamu."

"Mwambie aibu ni yangu."

"Nimemwambia."

Wale samaki nikampa jirani. Nikamrudisha fundi. Hakucheka, alikohoa tu. Akaongeza kipande pembeni ya kona, mtu asimame mwenzie apite. Kiatu nikakiosha, nikakianika hapohapo. Kila anayekuja anauliza, "Mayu, mama, cha nani hiki?" Najibu, "Cha fundi."

Juzi nimekaa ndani nachambua mchele, nikasikia sauti kule kwenye kona. "Hodi. Shikamoo mama."

Nikageukia ukuta. "Marahaba baba. Karibu."

Hakusogea. Nikamsikia anakung'uta kiatu chake, anafunga kamba taratibu. Nami nikabaki kuutazama ukuta, mpaka nikasikia miguu yote miwili inapita.