Mimea Aliyoing'oa Monagri

Wakati wa vita, nchi ilipokatwa vipande, komini yetu ya Mususa, kata moja ya mji wa Butembo, iliamua kutengeneza kibustani. Nilicheka. Watu wanakimbia vijiji vyao, na hawa wanataka maua! Kiwanja chenyewe kilikuwa cha takataka, njia panda, mahali palipokuwa mashamba ya babu zetu kabla mji haujafika. Kazi alipewa monagri, yaani bwana shamba wa serikali, mtu wa Kasai aliyeletwa Butembo kabla ya vita akakwama huku. Alipenda mistari iliyonyooka, na alivaa buti hata kanisani.

Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, wanaume walianza mapema sisi wanawake tukiwa misani. Tulipofika, mama yangu alisimama ghafla, jembe begani. Ile mimea mirefu yenye majani kama panga, ambayo wazee wetu waliipanda juu ya makaburi pale shambani, ilikuwa imeng'olewa yote kwa amri ya monagri na kurundikwa pembeni. Yalibaki mashimo.

Mama alimzika pale mtoto wake wa kwanza, kabla mimi sijazaliwa. Mtoto yule hakuwa na msalaba wala picha. Alikuwa na mmea mmoja tu. Sasa Mama hakujua tena shimo lake ni lipi.

"Uliondosha mutoto wangu," akamwambia monagri. "Nitamuona wapi sasa?"

Yule bwana alitazama lile rundo. "Mama, unisamehe. Nilizania ni ya kupamba lupango, hii kiwanja, tu."

Nilijiandaa kumshukia, na ulimi ninao. Lakini jirani yetu mmoja akatangulia: "Na wangu iko hapa." Kisha mwingine naye akasema hivyo hivyo.

Monagri akavua kofia. "Bon. Tunarudisha yote. Kila shimo na muti yake. Mistari yangu, basi, tuiache."

Wanaume walinung'unika, maana mvua ilikuwa inakuja. Yeye akapiga magoti matopeni, akapanda mmea wa kwanza. Njia aliyotaka ipite katikati ikazungushwa ukingoni, na nyasi zikapandwa pale tu mimea ilipoacha nafasi. Kibustani kikatoka kimepindapinda, na mimi nakipenda hivyo. Namshukuru mtu huyo mpaka leo. Wakubwa wangapi wa wakati ule walikubali kwamba wamekosea?

Mama, kwa kuwa hakujua mmea wake, akawa anapalilia yote kila Jumapili baada ya misa. Jumapili moja monagri alitukuta pale. Dereva wa lori aliyepitia Kasindi, mpakani mwa Uganda, alikuwa amemletea habari: binti yake mdogo amefariki Kasai, ng'ambo ya mstari wa vita, na amekwisha kuzikwa.

"Mama," akasema akitazama chini, "na mimi naweza kupanda moja? Hata kama yeye hapana hapa?"

Mama alikata kipande cha shina, akamwekea mkononi. "Panda hapa, katikati ya batoto betu."

"Wasingya," akashukuru kwa lugha yetu, Kinande chake kibovu, kisha akalia bila kujificha. Nami nikalia naye.

Vita vilipotulia alirudi kwao. Mama hakuwahi kujua mmea wa mtoto wake ni upi. Wa binti wa monagri aliujua, na kila Jumapili alianzia hapo kupalilia.