Sakafu ya Anyesi Kwenye Uwanja wa Boma

Watu wa kanisani kwetu hupenda kusema kwamba bibi yangu Anyesi alikuwa mama mpole. Mpole wapi! Walimjua uzeeni, meno yamekwisha, anaitikia kila wimbo. Mimi nililala naye kitanda kimoja miaka tisa, na ninawaambia, mwanamke yule aliweka kinyongo kama wengine wanavyoweka mbegu.

Enzi za Mjerumani alikuwa hajabatizwa, lakini nitamwita Anyesi kwa kuwa ndilo jina nililomjua nalo. Aliishi kijiji cha Haneti na mumewe, babu yangu Matonya, na alisifika kwa kutengeneza sakafu za kupuria uwele. Udongo aliuchagua kwa mdomo. Aliuchota kwenye kichuguu, akautafuna kidogo, na ukilia mchanga kwenye meno aliutema akaenda kichuguu kingine. Ule mzuri yeye na wanawake wenzake waliukanda kwa miguu, wakaushindilia kwa magogo, kisha yeye akaupaka samadi mbichi ya ng'ombe kwa kiganja, mara tatu, mpaka punje ikidondoka inaruka.

Mwaka mmoja babu aliitwa kwenye kazi ya shokoa, kulima barabara ya serikali bila ujira, na uwele wake uko sakafuni haujapurwa. Akaomba siku mbili amalize. Akida wetu, mtu wa kuja aliyeitwa Bashiri, akasema huyo ni mkaidi, akampeleka boma la Dodoma. Kule walimlaza kifudifudi uwanjani wakamchapa viboko, hamsa ishirini, yaani ishirini na vitano. Alirudi mgongo umepinda, anakojoa damu, na masika hakuyaona. Mama yangu alikuwa tumboni.

Bibi hakulia mbele za watu. Alimwambia wifi yake neno moja tu: Bashiri atalala palepale alipolala Matonya, na yeye atakuwepo kutazama. Wifi akamwambia anaota, akida hachapwi.

Mwaka uliofuata, mara tu baada ya mavuno, bwana wa boma akaingiwa na wazimu wa mchezo wa kwao, mpira mdogo unaopigwa huku na huku juu ya wavu kwa kibao chenye nyuzi. Shida ilikuwa uwanja. Kwenye kichanga mpira ulikufa. Wakamwaga changarawe, ukaruka upande. Wakapanga matofali, ukawa unagonga kwenye maungio na kupotea. Bwana akawatangazia maakida kwamba atakayemletea sakafu ya kufaa atamkumbuka. Basi Bashiri akafika Haneti na mpira mfukoni, akaudondosha kwenye sakafu ya bibi, ukarudi mpaka kiunoni. Akacheka peke yake.

"Itadumu?" akauliza.

Wifi akafungua kinywa. Haneti nzima inajua kwamba sakafu ya kupuria hutengenezwa mvua zikishakatika, na mvua zikirudi inaoza, ndiyo maana hutengenezwa upya kila mwaka. Hakuna anayelisema kwa sababu hakuna asiyelijua, isipokuwa mtu wa kuja anayekula uwele asiujue ulikopurwa. Bibi akamkanyaga wifi yake mguu.

"Sakafu hii ninaitengeneza tangu nikiwa msichana, bwana akida," akasema. "Haijaniangusha hata mara moja."

Na hapo kuna uongo gani? Hakuna.

Wakaswagwa wanawake ishirini mpaka Dodoma, bibi na mama yangu mgongoni. Uwanja ulikuwa uleule. Bibi alipaka samadi kwa kiganja chake mahali ambapo mumewe alilazwa, huku akitabasamu. Ninasema akitabasamu kwa sababu aliniambia mwenyewe. Siku kumi baadaye mpira uliruka vizuri ajabu, na Bashiri kichwa kikamvimba. Akamwambia bwana kwamba elimu ile ameirithi kwa baba yake, kwamba udongo aliuonja yeye, na kwamba sakafu itakaa miaka kumi. Bwana akamvisha joho. Jina la Anyesi halikutajwa, na bibi alifurahi halikutajwa.

Desemba treni ikaleta wageni wakubwa kutoka Dar es Salaam, na wanawake wale wale wakaitwa kufagia uwanja. Wingu lilikuwa limetanda tangu asubuhi. Wakatazamana, wakaendelea kufagia. Mvua ya kwanza ikanyesha nusu saa tu, jua likatoka, na bwana, anayejivunia sakafu yake ya miaka kumi, akawakaribisha wageni wacheze. Mkubwa wao, suruali nyeupe pee, akaukimbilia mpira akaenda chali. Akajiinua, akateleza tena, safari hii kifudifudi, mdomo wazi. Harufu ya zizi ikajaa boma zima.

Bwana hakufoka. Aliwaita askari wawili akawaonyesha Bashiri, aliyekuwa amekuja na joho lake kupokea sifa. Wakamvua joho, wakamlaza kwenye lile tope. Bibi alihesabu pamoja nao kimoyomoyo, hamsa ishirini, hakuruka hata kimoja.

Jioni alimkuta amelala kwa tumbo kwenye kibaraza cha nyuma. Akachuchumaa karibu na sikio lake akamwambia ya mvua, taratibu, kama anayemfundisha mtoto.

"Ulijua," Bashiri akasema. "Nitamwambia bwana."

"Mwambie. Mwambie na kwamba baba yako hakukurithisha kitu, ulimdanganya. Akupe hamsa ishirini nyingine."

Bashiri akageuzia uso wake ukutani.

Mwisho wa mwezi alivuliwa uakida. Kila mtu akimsikia bibi akisimulia mpaka hapo alidhani ameridhika, na mchungaji mmoja aliwahi kumwuliza kama hakutubu. Bibi alimjibu kwamba anachojutia ni kimoja. Wiki kadhaa baadaye, kabla wanawake hawajaruhusiwa kurudi Haneti, alimwona Bashiri akipita sokoni Dodoma, anatembea wima, amepona kabisa.

"Babu yako hakupona," aliniambia. "Zile hamsa ishirini zilikuwa chache."