Chokoleti ya Swichi

Snezhina alikuwa na hasira tangu asubuhi, na kilichomtia hasira ni chokoleti.

Alikuwa kainama nyuma ya swichi mpya ya mtandao katika maabara ya kampuni, mjini Sofia, akichomeka nyaya huku feni zikivuma hadi masikio yanaziba. Bosi wake, Ventsislav, akaja na boksi lililofunguliwa. Kwao, mwenye jambo la heri ndiye anayewagawia wenzake. Anayepewa huchukua, hutoa hongera, ndipo huuliza ni ya nini. Snezhina akachukua moja, akasema, "Hongera, bosi," akaitia mdomoni. Alidhani binti wa Ventsislav kafaulu mtihani.

"Ya swichi," Ventsislav akasema. "Imefaulu vipimo."

Snezhina alikuwa ameshaimeza. Vipimo vyenyewe ndivyo alivyokuwa bado anavifanya. Kazi ya swichi ni kupokea pakiti za data, yaani vipande vya mawasiliano, na kuiamulia kila moja njia yake, upesi, bila kuipoteza. Ventsislav alikuwa ameipima mwenyewe kwa pakiti kubwa tu, tena njia za kuchagua zikiwa chache. Kwa mzigo huo hata swichi mbovu hupita kwa maringo. Snezhina asubuhi hiyo alikuwa ameijaza njia zote inazodai kubeba, akaimwagia pakiti ndogo ndogo, kama zinavyosafiri sauti za simu, nayo ikaanza kuzitupa. Na swichi hiyo ilikuwa inakwenda kwenye kituo kinachopokea simu za watu wanaoita ambulensi, na kwenye ripoti ya vipimo jina lililoandikwa ni la Snezhina.

Alimweleza yote hayo. Ventsislav akajibu kwamba mteja anakuja mchana, kasoro zitarekebishwa baadaye, na kwamba yeye Snezhina ana tabia ya kutafuta ndama chini ya fahali, yaani kosa pasipo na kosa.

"Halafu umeshakula, dada," akaongeza mbele ya wote. "Na hongera umetoa. Sasa utaitapika?"

Wenzake wakacheka, na kicheko hicho kilimchoma kuliko uongo wenyewe. Alifikiria mtu ambaye mama yake kaanguka jikoni, anapiga simu, sauti inakatika katikati ya anwani, na hawa wanaramba vidole. Akavua koti la maabara, akalitupa kitini, akaenda duka la kona. Alinunua boksi kubwa kuliko la bosi.

Mchana Bi Yordanka, mkuu wa kile kituo cha simu, alikuwa ameketi ukumbini na kahawa yake. Ventsislav hajafungua kinywa, Snezhina akaingia na boksi, akaanza na mgeni. Bi Yordanka akachukua, akatoa hongera. Wenzake Snezhina nao wakachukua. Ventsislav alisita, lakini kukataa mbele ya mgeni ni aibu, akachukua na yeye.

"Ya nini, mwanangu?" Bi Yordanka akauliza.

"Ya swichi yenu, mama. Imeshindwa leo hapa kwetu, kabla haijashindwa kwenu na mtu yuko sakafuni."

Bi Yordanka akaweka kikombe chini, akasema anataka kuiona ikishindwa kwa macho yake, sasa hivi. Kisha akamgeukia Ventsislav, asikie ana lipi la kusema. Ventsislav alikuwa na shavu limejaa, hatafuni wala hatemi.

"Meza, bosi," Snezhina akamwambia. "Umeshakula."