Salamu Zisizotambulika

Nimefanya kazi ya maji tangu nikiwa na meno yote. Nilianza nikifungua na kufunga valvu kule Awendo, nikahamishiwa mji huu ulio karibu na ziwa, na kwa miaka mingi maisha yangu yalikuwa spana, gambuti na kupiga magoti matopeni. Mwishowe magoti yenyewe yakagoma. Wakubwa wakanihurumia, au walichoka tu kuniona nikichechemea, wakaniketisha mbele ya skrini.

Skrini ilikuja pamoja na vijana kutoka Nairobi. Walifunga visanduku vidogo vyenye laini ya simu kwenye matangi na mabomba makuu, na kila kisanduku kikawa kinatuma habari ofisini: tangi limejaa, tangi limepungua, presha imeshuka. Sikatai, ni kitu kizuri. Zamani nilipanda mlima kugonga tangi kwa jiwe ili nisikie maji yamefika wapi. Siku hizi naketi natazama rangi. Kijani, kaa. Nyekundu, inuka. Ila visanduku havikutosha mabomba madogo yanayoingia mitaani, na huko tulitegemea wananchi watuandikie meseji. Neno la kwanza MAJI, kisha namba ya mita, kisha shida yako. Mashine inasoma lile neno la kwanza, inafungua tiketi, na tiketi inatokea kwenye skrini yangu na kwenye simu ya fundi. Basi.

Tuliitisha baraza kuwaeleza watu, na mimi ndiye niliyepewa kusema, eti kwa kuwa nafahamika. Mimi ni Mkuria wa Kehancha na mji huu ni wa Wajaluo, kwa hiyo tunakutana kwenye Kiswahili, kila mtu na chake. Nikaeleza vizuri tu. Mama mmoja mjane, anayekaa kule juu karibu na kanisa la Sabato, akainua mkono.

"Sasa salamu naweka wapi?"

Watu wakacheka. Nami kwa mdomo wangu huu usio na breki nikamjibu, "Salimia tu, mama. Hata mashine inapenda salamu."

Wakacheka zaidi. Yeye hakucheka. Aliitikia kwa kichwa, akaandika kwenye kikaratasi.

Niseme wazi, maana nimechoka kuzungukazunguka: kosa lilianzia hapo. Hakuna mtu wa huku, awe Mjaluo awe Mkuria, atakayekueleza shida yake kabla hajajua umeamkaje. Akifanya hivyo ataulizwa alilelewa na nani. Mimi nililijua hilo kuliko vijana wa Nairobi, na badala ya kuwaambia waitengeneze mashine ipasavyo, nikaligeuza kichekesho.

Yule mama nilimfahamu. Mimi ndiye niliyemvutia bomba mumewe akiwa hai, na chai ya maziwa nilikunywa kwake hadi nikakataa. Nyumba yao ni ya udongo, nje imepigwa plasta ya simenti, mabati juu. Mumewe alipofariki, shemeji zake walitaka mmoja wao amrithi, kama desturi yao ilivyo. Alikataa. Alisema ameolewa mara moja na inatosha. Wakamwambia sawa, kaa, lakini hiyo nyumba ikianguka tutaona nani atakujengea. Kwa sababu kwao mjane hajijengei hivihivi, lazima mwanamume wa ukoo asimamishe nguzo ya kwanza, na huyo mwanamume haji bure, huja kurithi. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya mvua aliziba nyufa kwa mikono yake mwenyewe. Nyumba ikisimama, naye alikuwa huru.

Basi bomba likapasuka hatua mbili kutoka ukuta wa chumba chake cha kulala. Lingeruka juu mtaa mzima ungepiga kelele, lakini hili lilipasuka chini ya ardhi, maji yakawa yanapita kimyakimya yakilainisha udongo. Presha ya bomba kuu haikutikisika. Skrini yangu ilibaki kijani, na wiki hiyohiyo wageni walikuja kuitazama wakanipiga picha nikiwa nimesimama kando yake nimetabasamu kama bwana harusi.

Pembeni ya skrini palikuwa na sehemu iliyoandikwa ZISIZOTAMBULIKA, na namba yake ilipanda kila asubuhi. Nilidhani ni zile takataka za kamari na za umeshinda gari. Sikuwahi kuibonyeza. Nilikuwa nimechoka. Hiyo ndiyo sababu, na najua si sababu.

Jumatatu moja msoma mita akaingia na habari kwamba ukuta wa yule mama ulianguka Jumamosi, yeye akiwa kanisani. Hakuumia, ila kitanda kilikuwa chini ya udongo. Nikatafuta tiketi yake. Hakuna. Nikatafuta kwa namba ya mita. Hakuna. Ndipo nikabonyeza pale.

Zilikuwa zake kumi na tisa, moja kila siku. "Oyawore uru. Habari ya asubuhi, ofisi ya maji. Mumeamka aje? Poleni na kazi. MAJI inatoka chini ya ukuta. Mungu awabariki." Kesho yake tena amesalimia, ameuliza hali zetu, halafu, "MAJI imeongezeka." Nyingine, "Najua muko na kazi mingi." Ya Alhamisi ilisema, "Ukuta imeanza kulia." Chini ya zake kulikuwa na za watu wengine, wamama tu, wote na salamu zao.

Kijana mmoja hapo ofisini akachungulia begani kwangu, akaanza, "Usipoziba ufa..." Nilimwambia anyamaze kabla sijamtupia kikombe. Wallahi ningemtupia.

Nikamfungulia tiketi mwenyewe, nikaandika MAJI kwa herufi kubwa, namba yake, shida yake. Fundi alikwenda mara moja, akachimba, akabadilisha kipande cha bomba, akafunga kazi. Nami nikapanda mlima taratibu, goti la kulia likinitukana kila hatua.

Nilimkuta akichomoa shuka kwenye udongo mbichi. Shemeji zake wawili walikuwa wameshafika. Waliketi kwenye viti vyake, chini ya mabati yaliyobaki, wakinywa chai yake. Yeye aliponiona alijipangusa mikono.

"Karibu, nyathina, mwanangu. Magoti inaendeleaje?"

Simu yake ikalia mfukoni. Aliitoa, akaisogeza mbali na macho, akanipa. Miwani ilikuwa imezikwa pamoja na kitanda.

"Nisomee."

Nikamsomea. "Mpendwa mteja, tatizo lako limetatuliwa ndani ya saa tatu. Asante kwa kutumia huduma yetu."

Akauliza, "Masaa tatu ya siku gani?"

Hakuwa ananidhihaki. Alitaka kujua. Ningeweza kusema mtandao. Huku kwetu mtandao hubebeshwa dhambi zote, na neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Meseji zako zilifika, mama," nikasema. "Zilifika zote. Mimi sikuzisoma."

"Zilifika?"

"Zilifika."

Aliwatazama shemeji zake, kisha akanitazama mimi. "Hawa walisema munanidharau," alisema. "Nikawaambia hapana, meseji ndiyo haijafika, hao watu wa maji nawajua. Nilikuwa nawatetea."

Nilisema pole. Nilisema pole mara ngapi sijui. Aliichukua simu mkononi mwangu, akairudisha mfukoni, akainamia shuka zake.

Shemeji mkubwa akamaliza chai. Alisimama, akatoa kamba, akatembea hadi kona ambapo ukuta ulikuwa umesimama, akaita mtu amshikie ncha ya pili apime mahali pa nguzo. Mdogo wake alikuwa bado anakunywa. Yule mama hakuinua kichwa. Kwa hiyo shemeji akaninyooshea mimi ile ncha, na mimi nikaishika.