Sukuma ya Mama na Panya wa Daktari

Hii aibu nimeificha hata kwa watu wa kanisa, lakini leo nawaambia, mcheke mkitaka, mimi kucheka bado sijaweza.

Kazi yangu ilikuwa kulisha panya wa maabara (na kuosha vizimba, nikirudi Gatina jirani wananijua kwa harufu). Nusu walikunywa maji yenye madini ya risasi, nusu maji safi, ili baada ya miezi mitatu Daktari, mama mmoja mpole aliyefanya huo utafiti, awapasue aone sumu imeharibu figo na maini kiasi gani akilinganisha na wale wazima. Sheria ilikuwa moja, wasipewe chakula kingine.

Sasa mamangu analima na kuuza mboga ya sukuma huko Silanga, kando ya bwawa, na kila Jumapili nikimtembelea lazima anifungie mzigo.

"Wycliffe, utatoka kwangu mikono mitupu kama mtu amefukuzwa?"

Naishi peke yangu, sukuma inanyauka, na wale panya wa maji safi walikuwa wananiangalia (wenzao niliona wana shida zao tayari), basi nikaanza kuwapa majani mawili matatu kila siku, nikijiona mtu wa huruma, mjinga mimi.

Siku ya matokeo ukumbi ulijaa maprofesa. Daktari akaonyesha ukutani picha ya figo ya panya wa sumu, imeharibika, wakatikisa vichwa. Akaonyesha ya panya mzima, nayo imeharibika vilevile. Nikaitwa mbele na gambuti zangu zenye mavi ya panya, nikaulizwa niliwalisha nini, nikasema ukweli, sukuma ya mama, ya Silanga.

"Kando ya bwawa?" profesa mmoja akauliza. "Maji yale yamejaa risasi, basi hata hawa umewapa sumu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Daktari alilia mbele yao wote, miezi mitatu imepotea, na jioni hiyo nikafutwa kazi. Waliandika panya wangapi walikula, na kwa siku ngapi. Hakuna aliyeuliza ni watu wangapi wanakula, na hilo linaniuma kuliko kazi.

Jumapili nilienda kumwambia mama. Nikamkuta amepakua ugali na sukuma, wateja wawili wanangoja mlangoni na mifuko yao.

"Mbona umekonda hivi?" akasema, akaniongezea.

Nimeapa sitalisha tena mnyama wa mtu chakula cha kwetu. Mama sikumwambia. Nilinawa mikono, nikala, nikamaliza sahani.